PORI LA MAJANI SI PORI TUPU
Somo la jeografia na historia, juu ya preri ya Amerika ya Kaskazini



Siku moja katika kelasi yetu ya mwaka wa sita, mwalimu wa jeografia alitundika karte kubwa ya Amerika ya Kaskazini, akaweka kidole katikati, akauliza: "Hapa kuko nini?" Mwenzetu mumoja akajibu mbio: "Hakuna kitu, Mwalimu. Ni majani tu." Kelasi yote ikacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema: "Watu wengi mbele yenu walijibu vile vile, na jibu lile liliwaletea hasara kubwa. Muende mutafute."

Basi tulienda, tukatafuta katika vitabu, tukaulizana, na haya ndiyo tuliyopata. Tunawaomba musome mpaka mwisho, sababu mwisho wa somo hili unatugusa sisi wenyewe, hapa hapa nyuma ya nyumba yetu ya kulala.

I. PRERI NI NINI?

Neno hili limetoka katika Kifaransa, "prairie", maana yake mahali pa majani pa kulishia wanyama. Wafaransa waliotoka Canada na kuteremuka na mito katika miaka ya 1600 na 1700 waliona inchi pana ya majani, bila miti, upana ambao hawajauona kwao. Hawakuwa na neno lingine, wakasema preri.

Inchi ile inaanza Canada, katika mikoa ya Alberta, Saskatchewan na Manitoba, inakata katikati ya Marekani, inashuka mpaka Texas. Upande wa magharibi inasimama chini ya milima ya Rocky. Upande wa mashariki ilifika mpaka Illinois na kuipita kidogo.

Juu ya nini miti haikujaa kule? Kuko sababu tatu, na mutu anayejitayarisha kwa egzamen azishike vizuri.

Ya kwanza ni mvua. Upepo unaotoka bahari ya Pacific unapopanda milima ya Rocky unaacha maji yake kule juu. Ukishuka upande wa pili ni mukavu. Ndiyo maana karibu na milima majani ni mafupi, na kadiri unavyokwenda mashariki mvua inaongezeka, majani nayo yanarefuka. Kule Iowa na Illinois kulikuwa majani ya kupita metre 2. Mutu mukubwa akiingia ndani yake haonekani tena.

Ya pili ni moto. Moto wa radi, na moto ambao wenyeji wenyewe waliwasha ili majani mapya yachipuke na kuita wanyama. Moto unaua muti muchanga. Lakini jani halifi, sababu jicho lake la kuchipuka liko chini, ndani ya udongo, mahali ambapo moto haufiki.

Ya tatu ni wanyama wakubwa waliokula na kukanyaga kila mwaka, hasa bizoni, ndugu yake mbogo wetu, lakini mwenye nywele nyingi za shingo na nundu kubwa ya mabega.

Sasa sikilizeni jambo la maana kupita yote. Sehemu kubwa ya preri haionekani kwa macho. Mizizi ya majani yale marefu inashuka metre 2, metre 3, mingine zaidi. Kila mwaka sehemu ya mizizi inakufa na kuoza, mingine inaota. Kwa maelfu ya miaka kazi hiyo imefanya udongo mweusi, munene, wenye mafuta, moja ya udongo bora wa dunia nzima. Tena mizizi ile inashika udongo usichukuliwe na upepo, na inafungulia maji ya mvua njia ya kuingia chini. Kwa hiyo mutu anayesema "ni majani tu" ameona paa la nyumba, lakini hajaingia ndani.

II. WENYEJI WALIOIJUA

Pori lile halikuwa bila watu. Kulikuwa Wapawnee, Wamandan, Wahidatsa, Walakota, Wacheyenne, Wacomanche, Wablackfoot, na wengine wengi, kila kabila na lugha yake.

Wamandan na Wahidatsa walikaa katika vijiji kando ya muto Missouri, katika nyumba kubwa za muviringo zilizofunikwa na udongo. Wamama ndio waliokuwa wakulima. Walipanda mahindi, maharagi, maboga na alizeti. Mama mumoja Muhidatsa, aliyezaliwa karibu mwaka 1839 na kujulikana kwa jina la Buffalo Bird Woman, alieleza kilimo chao chote kwa mutafiti Gilbert Wilson, na maelezo yale yalichapishwa mwaka 1917. Tunataka mushike jambo moja alilosema: wao walilima chini, bondeni, karibu na muto, sababu udongo wa kule ni laini na hauna kiu. Udongo wa juu, wa preri yenyewe, ni mugumu na unakauka mbio, basi waliuachia majani yake. Jembe lao la zamani lilikuwa mufupa wa bega la bizoni, umefungwa kwa muti.

Wamama wale hawakuwa na diplome ya kilimo. Lakini walijua mahali pa kulima na mahali pa kuacha, na elimu ile iliwalisha wao na watoto wao kwa miaka mamia.

Wengine, kama Walakota na Wacheyenne, waliishi zaidi kwa kuwinda. Mbele ya Wazungu hakukuwa farasi kule. Farasi waliletwa na Waspania, na kisha Wapueblo wa kusini kuasi Waspania mwaka 1680, farasi wengi wakauzwa na kupita kutoka kabila kwa kabila mpaka kaskazini. Mutu juu ya farasi aliweza kufuata bizoni mbali. Nyama waliikausha, ngozi zikawa hema na mavazi, mifupa ikawa vyombo, na mavi makavu yakawa kuni, sababu kule kuni za muti ni shida. Hakuna kitu kilichotupwa.

III. BIZONI WANAKWISHA, WATU WANANYANGANYWA

Wataalamu wanakadiria kwamba bizoni walikuwa karibu milioni 30, wengine wanasema zaidi. Reli ya kwanza ya kukata Marekani kutoka upande mumoja mpaka wa pili ilimalizika mwaka 1869. Wawindaji wakaja na bunduki kali. Walitafuta ngozi tu, ambazo viwanda vilifanya mikaba ya kuzungusha mashini, na nyama waliiacha ioze. Mwaka 1889 bizoni waliobaki walikuwa karibu 1,000 tu. Kutoka milioni 30 mpaka 1,000! Wakubwa wengine wa jeshi walifurahi, sababu waliona kwamba kabila likikosa bizoni litashikwa na njaa, na likishikwa na njaa litakubali kufungiwa katika eneo ndogo.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1868, kule Fort Laramie, serikali ya Marekani iliandikiana mapatano na Walakota kwamba milima ya Black Hills ni yao. Mwaka 1874 zahabu ikaonekana kule, na mwaka 1877 serikali ikachukua milima ile. Tarehe 29 Desemba 1890, kule Wounded Knee, askari waliua Walakota zaidi ya 150, na wamama na watoto wengi walikuwa kati yao.

Mwaka 1980 korti kubwa ya Marekani ilihukumu kwamba Black Hills zilichukuliwa pasipo haki, na kwamba serikali ilipe zaidi ya dola milioni 100. Walakota walikataa feza ile. Wanasema: tunataka milima, hatukuiuza. Wenzetu, mutu anayekataa mamilioni juu ya inchi, je, inchi ile ilikuwa "majani tu"?

IV. WAGENI WENYE JEMBE

Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia mukono sheria iliyosema: mutu yeyote aliye kichwa cha jamaa, akikaa miaka 5 juu ya shamba na kulilima, atapewa hekta karibu 65, bila kulipa ila feza kidogo ya kuandikisha. Canada ikafanya sheria ya namna hiyo mwaka 1872. Watu wakatoka Ujerumani, Norway, Sweden, Urusi, wengi wao masikini ambao kwao hawakuwa na hata kipande cha shamba. Hatuwezi kuwacheka. Walikuja kutafutia watoto wao chakula. Lakini shamba walilopewa bure lilikuwa limetoka mikononi mwa wengine.

Kati yao kulikuwa pia watu weusi. Mwaka 1877, watu waliotoka Kentucky, waliokuwa watumwa mbele ya vita ya Marekani, walijenga kijiji chao kule Kansas, wakakiita Nicodemus. Mwaka wa kwanza wengine walilala katika mashimo waliyochimba ndani ya udongo. Nicodemus iko mpaka leo, ndogo, lakini iko.

Maisha yalikuwaje? Hakuna miti, basi nyumba inajengwa na nini? Walikata udongo pamoja na majani na mizizi yake, kama matofali marefu, wakapanga kuta. Nyumba ile ilikuwa na baridi kidogo wakati wa jua na joto kidogo wakati wa theluji, lakini mvua ikinyesha maji ya matope yalidondoka mpaka katika sahani. Wamama walipika kwa moto wa mavi makavu, sawa wenyeji walivyofanya. Maji waliyavuta kwa mashini inayozungushwa na upepo. Mwaka 1874 nzige walishuka wengi mpaka jua likafunikwa, wakakula mahindi, maboga, na hata nguo zilizoanikwa.

Hatupendi kupita bila kutaja tarehe 12 Januari 1888, sababu inahusu wanafunzi kama sisi. Asubuhi ilikuwa na joto kuliko kawaida ya Januari, watoto wakaenda masomoni bila makoti mazito. Kisha, mbio sana, dhoruba ya theluji ikafika, wakati watoto walikuwa bado shuleni au njiani kurudi. Mutu hakuona mukono wake mwenyewe. Waalimu wengine walizuia watoto ndani usiku kucha, wakapona. Wengine walipotea kati ya masomo na nyumba, umbali mufupi tu. Watu karibu 235 walikufa, na wengi walikuwa watoto.

V. MAVUMBI

Udongo wa preri ulikuwa na mizizi mingi mpaka majembe ya zamani yalishindwa. Mwaka 1837, kule Illinois, mufua chuma John Deere alitengeneza jembe la chuma cha pua la kukokotwa na ngombe, ambalo udongo haukushikamana nalo. Preri ikaanza kupinduliwa. Watu wakafundishana hata uongo huu: kwamba ukilima inchi kavu, mvua itafuata jembe. Miaka fulani mvua ilinyesha kweli, wakasadiki.

Wakati wa vita kubwa ya 1914-1918, bei ya ngano ilipanda sana. Kila mutu akataka kulima ngano. Kisha vita, bei ikaanguka, na wakulima wenye madeni wakalima zaidi ili walipe. Trakta zikaja, na kazi ya siku nyingi ikawa ya siku moja. Majani ya maelfu ya miaka yaligeuzwa chini-juu katika miaka michache, hata kule magharibi, katika inchi ya majani mafupi, mahali ambapo mvua ni kidogo.

Kuanzia mwaka 1931 mvua ikakosekana. Ngano ikakauka. Udongo ukabaki wazi, bila muzizi wa kuushika, na upepo wa preri haupumziki. Upepo ukauinua. Katika mwezi wa Mei 1934 mavumbi ya preri yalifika mpaka New York na Washington, kilometre zaidi ya 2,000, na yakaanguka juu ya mashua katika bahari ya Atlantic.

Tarehe 14 Aprili 1935 ilikuwa siku ya Mungu, ile ya matawi. Asubuhi ilikuwa na jua safi na watu walifurahi. Mangaribi haijafika, ukuta mweusi wa mavumbi ukatokea kaskazini, mrefu kama mulima, ukafunika Kansas, Oklahoma na Texas. Mchana ukawa usiku. Wamama walitundika nguo zenye maji kwa madirisha, lakini mavumbi yaliingia, katika mukate, katika vitanda, katika mapafu ya watoto. Wengi waliugua kifua na wengine wakafa. Mpaka mwaka 1940 watu karibu milioni 2 na nusu walikuwa wamehama mikoa ile ya preri.

Mutaalamu wa udongo, Hugh Hammond Bennett, alikuwa amesema miaka mingi kwamba udongo unakimbia, lakini wakubwa hawakumusikiliza vizuri. Mwaka 1935, alipokuwa akiwaelezea watunga sheria kule Washington, mavumbi yenyewe yakafika juu ya muji. Wakaona kwa macho yao. Tarehe 27 Aprili 1935 sheria ya kulinda udongo ikapita. Wakulima wakafundishwa kulima kwa kufuata ubavu wa kilima, si kutoka juu mpaka chini; kuacha mistari ya majani kati ya mashamba; kutochoma mabua bali kuyaacha yafunike udongo. Kati ya 1934 na 1942 walipanda miti zaidi ya milioni 200 ya kuzuia upepo. Mashamba yaliyoharibika kabisa serikali ilinunua, ikayarudishia majani.

Muone: kazi ile yote, feza ile yote, ilikuwa ni kurudia kidogo kidogo jambo ambalo wamama wa Missouri walijua bila kuambiwa.

VI. PRERI SIKU HIZI

Ile preri ya majani marefu, leo haibaki hata sehemu 4 kwa 100. Kipande kikubwa kiko Kansas, katika vilima vya Flint Hills, na kiliponyoka juu ya sababu moja tu: chini ya udongo ni mawe, na jembe lilishindwa. Mahali pengine mashamba ya mahindi na ngano yanalisha watu wengi, lakini upande wa magharibi wanavuta maji kutoka chini ya inchi, maji ya zamani sana, na yanapunguka kuliko mvua inavyoyarudisha. Shida haijaisha.

Kuko habari njema pia. Bizoni wameongezeka tena mpaka kuwa mamia ya maelfu, na makabila mengi wamewarudisha juu ya inchi zao. Mwaka 2016 Marekani ilimufanya bizoni kuwa munyama wa taifa. Walitaka kumumaliza, leo wanamuheshimu.

VII. NA SISI?

Tuliahidi kurudi nyuma ya nyumba yetu ya kulala. Mwaka uliopita, wakati wa salongo, sisi wakubwa wa wanafunzi tulipewa kazi ya kusafisha materemuko yale ili tupande maharagi. Sisi ndio tuliotoa amri. Tulisema majani yote yangolewe na mizizi, yachomwe, na mistari ilimwe kutoka juu mpaka chini, sababu namna ile ni nyepesi na kazi inakwisha mbio. Ilikwisha mbio kweli, na tulisifiwa. Mvua kubwa ya kwanza ilipofika, mistari yetu ikageuka mifereji. Udongo mweusi ukashuka wote mpaka kwa chemchemi. Siku tatu wadogo wetu walichota maji mekundu. Mutoto mumoja wa mwaka wa kwanza, mwenye ndoo mukononi, alituuliza: "Yaya, udongo ule utarudi lini?"

Hatukumujibu. Tulimwambia achote maji aende.

Leo tunaweza kumujibu: mudogo wetu, hautarudi wakati wewe uko hapa, wala wakati watoto wako watakuwa hapa. Hatukuambiwa na adui kufanya vile. Tuliona majani, tukazani hakuna kitu.

Nusu ya materemuko iko bado na majani yake. Kuko mpango wa kuilima mwaka ujao. Tumemuomba Bwana Prefe wa masomo atusikilize, naye amekubali tulete shauri letu mbele ya waalimu: sehemu ya juu ibaki na majani, chini tulime kwa kufuata ubavu wa kilima, na kati ya shamba na chemchemi tuache mustari wa majani wa metre 5. Sisi wa mwaka wa sita tutafanya egzamen na kuondoka. Ninyi mutabaki na kilima. Kwa hiyo shauri hili ni lenu kuliko letu, na kama muko na wazo bora, mulilete.

MAULIZO YA KUFIKIRI

1. Taja sababu tatu zilizofanya miti isijae katika preri.
2. Juu ya nini wamama Wahidatsa walilima kando ya muto na si juu ya preri?
3. Kati ya ukosefu wa mvua na jembe, nini ilileta mavumbi ya miaka ya 1930? Eleza.
4. Kwa nini Walakota walikataa feza ya mwaka 1980?
5. Uliza muzee wa kijiji chenu: ni mahali gani wazee walikataza kulima, na walikuwa na sababu gani? Andika jibu lake, ulilete kwetu. Majibu mazuri tutayachapisha katika ukurasa huu.

Tunawasalimu wote. Musome vizuri, mutumike vizuri.

Mukubwa wa wanafunzi, pamoja na wenzake wa mwaka wa sita